Maeneo Machache

Redio ilisema alfajiri,
katikati ya mkwaruzo na tangazo la mbegu:
mkoa wa Kigoma, vipindi vya jua,
mvua katika maeneo machache.
Shemeji Bitaliho akaizima, akachekea puani.
"Maeneo machache ndiyo sisi."

Tulibakiwa na siku moja.
Kibali kilikunjwa mara nne, kikatiwa nailoni,
nailoni ndani ya kofia, kofia kichwani pake:
pofu mmoja, dume, muhuri wa Uvinza,
mwisho jua likizama.
Mbuzi wawili waliondoka zizini kwa karatasi ile,
wa tatu akafuata risasi.

Mimi sikubeba bunduki. Nilibeba soksi,
soksi ya mtoto, imejaa majivu ya jikoni.
Unaitikisa, unatazama vumbi linakokwenda.
Hiyo ndiyo kazi niliyopewa mlimani:
kuuchunga upepo.

Masito mwezi wa kumi huvaa wekundu.
Mgeni angedhani miti inakufa.
Kumbe ni majani machanga ya miombo,
yametoka kabla ya mvua, yanang'aa kama shaba,
kama watoto waliovishwa nguo za harusi tangu asubuhi
na bibi harusi hajaoga.

Saa moja majivu yalikwenda kaskazini.
Saa mbili, kaskazini.
Tukapata kwato kwenye majani yaliyoungua juzi,
pana, nzito, ukingo wake bado unamomonyoka.
Bitaliho akapiga goti, akaweka kiganja ndani,
hakusema kitu, ila sikio lake lilisogea.
Saa tatu nikatikisa soksi
na majivu yakanirudia machoni.

Tukazunguka bonde zima kuukwepa mgongo wetu.
Joto. Nyuki wa jasho kwenye kope.
Halafu wingu moja, dogo, la kudharauliwa,
likaketi juu ya kilele kama mtu anayesubiri deni.

Mvua ya mawe haikubisha hodi.
Punje za mahindi kwanza, kisha karanga,
kisha vitu ambavyo sikutaka kuvipima.
Bitaliho alivua koti akaivika bunduki,
akabaki na fulana, anatetemeka chini ya mwamba,
kofia ameishika kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba yai.

Ilipokatika, kwato hazikuwepo.
Nusu siku ya kusoma, imefutwa ubaoni.
Jua likatoka safi, uso mkavu,
likatuuliza tumelowea wapi.
Na kabla nguo hazijaanza kutoa mvuke
ukungu ukapanda kutoka Malagarasi
ukatula mmoja mmoja: miguu, kiuno, shemeji.

Hapo ndipo tulipomsikia.
Ta.
Ta. Ta.
Magoti ya pofu mkubwa hulia anapotembea,
kama mtu anayevunja vijiti bila haraka.
Hatua kumi. Labda nane.
Harufu ya ng'ombe aliyenyeshewa.
Nikatikisa soksi: majivu hayakwenda popote,
yaliganda hewani mbele ya pua yangu.
Yeye pofu, sisi vipofu.
Nikasikia bunduki ikipanda begani.
Nikahesabu.
Nikasikia ikishuka.
"Siwezi kupiga sauti," alinong'ona,
"na dume sijui, jike sijui."
Ta. Ta.
Ta.

Jua lilizama mahali fulani, hatukuliona.
Kibali kilifia kofiani, kikavu kabisa,
kitu pekee kikavu tulichokuwa nacho.

Mgambo tulikuta vumbi. Hata tone.
Dada yangu Nyamwiza alitutazama mlangoni,
wanaume wawili wanaochuruzika chini ya nyota,
akauliza kama tumevuka mto kwa kuogelea.
Bitaliho alipanga risasi tatu mezani,
moja, mbili, tatu, akazisogeza zikakaa sawa.
Mimi niligeuza soksi nje ndani:
tope la kijivu, donge moja,
lenye umbo la mguu wa mtoto.

Usiku niliamka.
Juu ya bati: ta.
Nikangoja ya pili.